Mlango Usiofunguka

Mwishoni mwa Juni 2011 watu wengi walikusanya meli zao za kivita nje ya kituo cha biashara cha Jita, wakaanza kuupiga mnara wa ukumbusho. Waliupiga kwa leza, kwa makombora na kwa mizinga, saa baada ya saa. Mnara haukuanguka, na hapakuwa na aliyetarajia uanguke, maana haukutengenezwa uweze kuanguka. Jita haipo duniani. Ni mfumo wa nyota ndani ya EVE Online, gemu la mtandaoni la kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland, na mizinga ile ilikuwa maandamano.

Ukimuuliza aliyekuwapo walikuwa wakigombania nini, huenda akakutajia miwani. Duka jipya la ndani ya gemu liliuza kioo cha jicho moja, pambo la uso lisilosaidia lolote vitani, kwa bei iliyokaribia dola 70 za Marekani. Pambo hilo lilikuwa kibiriti tu. Kuni zilikuwa zimeanikwa juani kwa muda mrefu, na ni kuni hizo ninazotaka kuzieleza, kwa sababu kila mwaka nasikia wachezaji wa gemu hili au lile wakibishana kuhusu jambo lile lile: watengenezaji waache vitu vipya warekebishe kasoro zilizopo, au waendelee kuleta vipya na kasoro zitajirekebisha njiani? Ubishi huu husemwa kana kwamba ni mizani yenye sahani mbili. Mimi naona mizani yenyewe ndiyo mbovu.

EVE ilifunguliwa Mei 2003. Ukiacha wachezaji wa China wenye seva yao, wote huishi katika ulimwengu mmoja: mfanyabiashara wa Jita, mharamia wa pembezoni na jenerali wa muungano wa maelfu ya watu wanaweza kukutana hapo hapo. CCP ilikuwa na desturi ya kutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, bila malipo ya ziada kwa kila anayelipa ada ya mwezi. Kila toleo lilipewa jina, likatengenezewa filamu fupi ya kusisimua, likazinduliwa. Kisha timu ilihamia kwenye toleo linalofuata. Kitu kilichozinduliwa kikiwa robo tatu kilibaki robo tatu. Vita vya madola vilivyoletwa mwaka 2008 vilisubiri hadi 2012 ndipo vikaguswa kwa marekebisho ya maana.

Desemba 2009 likaja toleo la Dominion, lililobadilisha namna miungano inavyomiliki maeneo. Mapigano makubwa yakawa hayachezeki. Mchezaji aliruka na kikosi chake kuingia katika mfumo wenye vita, akakutana na skrini nyeusi, na ilipofunguka akakuta meli yake ilishateketea zamani. Hakupigana wala hakuona chochote. Mchezaji wa namna hii anapoambiwa kwamba toleo lijalo litamletea nguo za kuvaa, usimshangae akikasirika.

Juni 2010 wajumbe wa CSM, baraza linalochaguliwa na wachezaji wenyewe kwa kura, walikaa na kampuni huko Iceland. Walielezwa kwamba nguvu kazi ilikuwa imeelekezwa kwenye miradi mikubwa, na kwamba watu wa kurudi nyuma kurekebisha mambo ya zamani wasingepatikana kwa takriban miezi 18. Kauli hiyo ya "miezi 18" iligeuka msemo wa kejeli miongoni mwa wachezaji. Naipenda kwa sababu moja: ilikuwa kweli. Mara nyingi kampuni husema kasoro "zinashughulikiwa". Hawa walisema wazi kwamba hazishughulikiwi, wakataja na muda.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Juni 2011, mradi mkubwa ukatoka. Uliitwa Incarna. Wachezaji walikuwa wameahidiwa kwa miaka kwamba siku moja watashuka kutoka kwenye meli zao, watembee kwa miguu ndani ya vituo vya angani, wakutane kwenye baa na kupatana bei uso kwa uso. Walichopata ni chumba kimoja. Kilikuwa na kochi, skrini ya ukutani, kitanda na mlango. Mlango haukufunguka. Ukiwa ndani ya chumba hicho ulikuwa peke yako, na kadi ya picha ya kompyuta yako ilipata moto kwa kazi ya kukuchorea kochi.

Tena chumba kiliondoa kitu kilichopendwa. Zamani mtu akitia nanga kituoni aliiona meli yake imeelea gereji, na kwa kukosa la kufanya aliizungusha kwa kipanya, huku na huku, akisubiri wenzake. Ni jambo la kipuuzi, sawa na mtu anayezungusha kofia ya kalamu mkutanini. Incarna ililifuta. Wachezaji walililia kuliko mambo mengi yenye uzito.

Hapa mtaalamu wa magemu huingilia kati na hoja ambayo mimi mwenyewe nimewahi kuitumia. Husema: mchoraji harekebishi seva. Timu ya gemu kubwa ina wachoraji, wanamuziki, waandishi wa hadithi, wabunifu wa ramani, wahuishaji, na kundi dogo la watu wanaoelewa jinsi seva inavyohesabu risasi ya nani imefika kwanza. Nguo mpya zikitoka wiki hii, hakuna fundi wa seva aliyeibiwa saa zake. Kumwambia mchoraji aache kuchora akatafute chanzo cha kukwama kwa mtandao ni sawa na kumwambia mpaka rangi aende akarekebishe hitilafu za umeme.

Hoja hiyo ni sahihi kwa wiki, na si sahihi kwa mwaka. Wiki hii kila mtu ana ufundi wake, hilo halibishaniwi. Lakini mwaka huu kuna bajeti, kuna nafasi za kazi zilizotangazwa, kuna anayeamua waajiriwe watu gani. Kampuni ikiwa na wachoraji wengi na mafundi wa seva wachache, hali hiyo haikunyesha kama mvua. Ni uamuzi wa mtu. CCP wakati huo ilikuwa inatengeneza gemu jingine, World of Darkness, na teknolojia ya miili na nyuso iliyoonekana Incarna ilikuwa inatumika kwa magemu yote mawili. Wachezaji wa meli waliona kwamba ada yao ya mwezi inajenga nyumba ya jirani, na wao wameonyeshwa chumba kimoja cha nyumba hiyo ili watulie. Hawakuwa wamekosea sana.

Upande wa pili nao una upofu wake. Wachezaji hudhani marekebisho ni kazi ya kupimwa kwa kibaba: tia watu kumi, pata kasoro mia. Frederick Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa programu endeshi ya kompyuta kubwa za IBM, alishaandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, maana wageni nao wanahitaji kufundishwa na wenyeji wale wale waliozidiwa na kazi. Kwa kutafuta hitilafu, hali ni ngumu zaidi. Mchoraji akiambiwa achore meli, anaweza kukadiria wiki. Anayetafuta hitilafu hawezi kukadiria, kwa sababu hajui anachokitafuta kiko wapi. Niliwahi kukaa siku tisa na mfumo wa malipo wa ofisi moja uliokuwa ukipoteza risiti mara moja moja. Siku nane nilikuwa nakisia. Ya tisa nikagundua kwamba hitilafu hutokea tu watunza fedha wawili wakibonyeza kitufe ndani ya sekunde ile ile. Kuirekebisha kulichukua dakika 20. Bosi aliyeuliza "umefanya nini wiki hii?" alikuwa na haki ya kuuliza, nami sikuwa na cha kumwonyesha zaidi ya mistari mitatu ya msimbo.

Ndiyo maana vitu vipya hushinda mikutanoni. Vina picha, vina tarehe na vina mtu wa kusimama jukwaani kuvitangaza. Marekebisho yakifaulu hayaonekani. Nani hushukuru kwa sababu leo hakuona skrini nyeusi?

Watu wakifika hapa hutaja ufa na ukuta. Mimi naona methali hiyo haitufai sana katika jambo hili, kwa kuwa inauchukulia ufa kama kitu kinachokuja chenyewe, kwa jua, mvua na uzee. Msimbo hauzeeki kwa mvua. Ukiuacha kama ulivyo, kwenye mashine ile ile, kesho utafanya kile kile ulichofanya leo. Nyufa nyingi za gemu la mtandaoni huletwa na chumba kipya kinachojengwa ubavuni. Jipya likigusa la zamani, la zamani hupasuka mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kuangalia.

CCP hao hao walitoa mfano ambao bado unafundishwa kwa vicheko. Desemba 2007 walitoa toleo la Trinity, lenye michoro mipya mizuri kweli kweli. EVE ilikuwa na faili lake dogo la mipangilio lililoitwa boot.ini, ndani ya folda ya gemu. Windows XP nayo ilikuwa na faili lenye jina hilo hilo, kwenye mzizi wa diski, nalo ndilo lililoiambia kompyuta iwake vipi. Programu ya kusakinisha michoro mipya ilitakiwa kufuta faili la gemu. Kwa sababu ya mkwaju mmoja uliowekwa mwanzoni mwa anwani, ilifuta la Windows. Mchezaji alimaliza kusakinisha, akaizima kompyuta, na alipojaribu kuiwasha ikagoma. Hakuna kasoro ya zamani hapo. Hakuna uzembe wa kuziba ufa. Kulikuwa na jipya lililokuja kwa haraka.

Kwa hiyo methali ninayoiona inafaa zaidi ni ile ya kukopa harusi na kulipa matanga. Wanaprogramu wenyewe, tangu Ward Cunningham alipolitumia neno hilo mwaka 1992, huliita deni: ukitoa kitu kabla hakijakaa sawa, umekopa muda, na kila siku unayojenga juu yake unalipa riba. Kukopa si dhambi. Kampuni isiyokopa kabisa haitatoa gemu hata moja. Lakini siku ya kukopa ni ya ngoma, filamu fupi na uzinduzi, na siku ya kulipa hakuna anayealikwa. Timu inayokopa Desemba mara nyingi si ile itakayolipa, na hapo ndipo pana ugonjwa. Swali la haki kwa kampuni si "mpya au marekebisho?" Swali ni kama aliyekopa ndiye atakayelipa.

Baada ya Jita, CCP iliwaita wajumbe wa baraza Reykjavik kwa kikao cha dharura. Mambo hayakutulia upesi. Barua ya ndani ya mkuu wa kampuni, Hilmar Veigar Pétursson, ilikuwa imevuja, na ndani yake aliwaambia wafanyakazi waangalie zaidi wachezaji wanafanya nini kuliko wanasema nini. Nitairudia kauli hiyo, kwa kuwa ina ukweli wake unaouma. Ilipofika Oktoba aliandika barua ya wazi ya kuomba radhi. Mwezi huo huo kampuni ilipunguza takriban mfanyakazi mmoja kati ya kila watano, wengi wakiwa upande wa World of Darkness. Watu walipoteza kazi, na walioupiga mnara hawakuwa wakiliombea hilo.

Tarehe 29 Novemba 2011 likatoka toleo la Crucible, ambalo wachezaji hulikumbuka kama toleo la marekebisho. Silaha zilizodharauliwa kwa miaka zilisawazishwa, maandishi yasiyosomeka yalibadilishwa, na mamia ya kero ndogo ndogo zikafutwa. Kuzungusha meli gereji kulirudi, safari hii na kihesabio cha kukuonyesha umeizungusha mara ngapi. Lakini ukisoma orodha yake unakuta pia meli nne mpya za kivita na anga lililochorwa upya lote. Toleo la marekebisho lilijaa vitu vipya! Wachezaji hawakulalamika. Meli nne zile ziliingia katika gemu walilokuwa wakilicheza, si katika gemu ambalo kampuni ilitamani wangekuwa wanalicheza.

Kuna jambo moja la kipindi kile ninaloliheshimu kuliko yote, nalo linahitaji maelezo kidogo ya kiufundi. Seva za EVE zimeandikwa kwa aina ya lugha ya programu ya Python, na mfumo mmoja wa nyota huendeshwa na mchakato mmoja, kwenye kiini kimoja cha prosesa. Huwezi kuukata mfumo huo vipande ukaugawia mashine kumi. Watu 2,000 wakijazana mahali pamoja, amri zao hupanga foleni kwa kichwa kimoja. Zamani foleni ilipozidi, seva ilichelewa ovyo: mmoja alibonyeza kufyatua akajibiwa baada ya sekunde mbili, mwenzake akajibiwa baada ya dakika tano. Aliyeshinda ni aliyebahatika.

Mafundi wa CCP hawakuahidi seva yenye nguvu za ajabu. Walifanya hila ya kistaarabu, wakapunguza mwendo wa saa. Mzigo ukizidi, muda wa mfumo ule hupungua kasi kwa kila aliyemo, hadi asilimia 10 ya kawaida. Sekunde moja ya vita huchukua sekunde kumi za mezani kwako. Msongamano haukuondolewa, ila ulifanywa uwe wa haki. Kila mtu anachelewa sawa, na kila amri inafika kwa zamu yake. Mchezaji anakwenda kupika chai, anarudi, kombora lake bado liko njiani.

Sasa pima matokeo. Tarehe 27 Januari 2014 muungano mmoja haukulipa kwa wakati ada ya kumiliki mfumo wa B-R5RB. Maadui wakaingia, marafiki wakaitwa, na vita vikaendelea kwa takriban saa 21. Zaidi ya wachezaji 7,000 walishiriki. Meli 75 za daraja la titani, kubwa kuliko zote, ziliteketea, na hasara ikakadiriwa kuwa sawa na dola 300,000 hivi. Vyombo vya habari ambavyo havikuwa vimewahi kuandika neno moja kuhusu meli za angani viliandika. Hakuna filamu ya uzinduzi ambayo ingeweza kununua tangazo hilo. Niambie basi, lile lilikuwa jipya au lilikuwa rekebisho? Hakuna mbunifu aliyelipanga. Liliwezekana kwa sababu fundi mmoja au wawili walirekebisha saa.

Mfano wa pili, ambao husifiwa kuliko ninavyopenda, ni Rainbow Six Siege la Ubisoft. Gemu hilo la kikosi dhidi ya kikosi lilitoka Desemba 2015 likiwa na matatizo mengi ya seva na ya kupanga mechi, huku kila msimu ukileta wahusika wapya. Mei 2017 kampuni ilitangaza kwamba msimu unaofuata hautakuwa na mhusika wala ramani mpya. Miezi mitatu yote ingekuwa ya kutibu, na msimu wakauita Operation Health. Wahusika wa Hong Kong walisogezwa mbele, wale wa Poland wakagawanywa katika misimu iliyofuata. Waliokuwa wamelipia pasi ya mwaka walipata wahusika wao wanane waliokatiwa tiketi, baadhi wakiwa wamechelewa tu.

Lilikuwa jambo la ujasiri, na Siege imeishi miaka mingi baada yake. Hata hivyo sipendi linavyotumiwa kama dawa ya kila gemu. Wachezaji wa gemu lolote likikwama siku hizi hudai "msimu wa afya" wao. Kampuni inayohitaji msimu mzima wa hospitali ilikuwa inafanya nini misimu iliyotangulia? Tena miezi mitatu ya marekebisho humpa meneja kisingizio cha kukopa bila hofu katika ile tisa iliyobaki. Anaona kuna mahali pa kutubu. Kaya inayofagia uwanja mara moja kwa mwaka, hata ikifagia kwa shangwe, ni kaya chafu.

Niirudie barua ya Hilmar. Waangalie wanafanya nini. Ukiwaangalia wachezaji wanafanya nini, utaona jambo la kuwaaibisha: siku ya toleo jipya wanarudi kwa makundi, na miezi isiyo na jipya wanapungua. Wanaosema "turekebishieni kwanza" wapo miongoni mwao. Mfano mzuri ni RuneScape ya kampuni ya Jagex ya Cambridge. Novemba 2012 Jagex ilibadilisha kabisa mfumo wa mapigano, na wachezaji wengi wakachukia kiasi cha kudai gemu la zamani lirudishwe. Februari 2013, baada ya kura zilizokaribia 450,000, kampuni ilifungua seva kwa nakala iliyohifadhiwa tangu Agosti 2007. Hawa walikuwa watu waliokimbia kipya kwa miguu miwili. Walipofika salama walifanya nini? Walianza kupiga kura za kuongezewa vitu vipya. Mwaka 2023 walipitisha hata wazo la ujuzi mpya wa ubaharia.

Hilo halinifanyi niwaite wanafiki. Kila jipya kubwa katika Old School RuneScape, kama nakala hiyo inavyoitwa, hupitia kura, na kwa miaka mingi lilihitaji asilimia 75, ikapunguzwa kuwa 70 mwaka 2022. Wachezaji wale hawakuwa wakikimbia upya, walikuwa wakikimbia kutoulizwa. Nami nadhani hata maandamano ya Jita yalikuwa na mbegu hiyo.

Halafu kuna dosari katika kutazama matendo peke yake. Grafu humwona anayeingia kwa tarumbeta siku ya uzinduzi. Anayeondoka kwa sababu skrini nyeusi ilimchosha huondoka kimya, Jumanne usiku, bila kumuaga mtu, na kwenye grafu anafanana na mtu aliyepata mtoto au aliyehamia mji mwingine. Kampuni inayosoma matendo bila kusikiliza maneno itajua lini watu walikuja na haitajua kamwe kwa nini walikwenda. Kampuni ya Valve, kwa gemu lake la Team Fortress 2, ilifikia mahali ambapo wachezaji hawakuwa tena wanadai ramani wala silaha. Toleo kubwa la mwisho lilikuwa la Oktoba 2017. Mwaka 2022, kisha tena 2024 kwa sahihi zaidi ya 300,000, walichoomba ni kimoja: ondoeni roboti zinazoharibu kila mechi. Gemu lilikuwa na umri wa karibu miaka 17 na watu bado walikuwa tayari kuliombea.

Kwetu ubishi huu una ladha nyingine, na sijaona ukisemwa vya kutosha. Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa hucheza kwenye seva iliyoko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini. Sehemu ya kukwama kwake ni umbali, na umbali haurekebishwi na fundi yeyote. Mwanga wenyewe una mwendo wake ndani ya kebo ya baharini. Lakini kipya tunakilipia mara mbili, kwa pesa na kwa bando. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019, pamoja na Warzone yake, ilipita gigabaiti 200 kwenye kompyuta. Kuna usiku nilianza kupakua msimu mpya wa gemu moja saa nne, bando la usiku likaisha saa kumi na moja alfajiri upakuaji ukiwa umefika asilimia 83, na nilipoweka bando jingine asubuhi ulianza upya kutoka sifuri. Kuanza upya kutoka sifuri ni kasoro. Naamini imo kwenye orodha ya kampuni fulani, chini kabisa, kwa kuwa ofisini kwao hakuna intaneti inayokatika.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua upande, nasimama na wanaodai marekebisho, ila simwungi mkono anayedai jipya likome. Ninachodai ni deni lilipwe na aliyelikopa, ndani ya toleo lile lile, na timu iliyozindua kitu ibaki nacho hadi kitembee. Ukitaka kujua kama gemu lako liko kwenye mikono ya watu wa namna hiyo, usisome tangazo la msimu. Soma orodha ya marekebisho, ile ndefu yenye maandishi madogo, utafute kasoro ya kitu kilichotolewa miaka mitano iliyopita. Ukiikuta, kuna mtu ofisini bado anafungua vyumba vya zamani na kuangalia. Usipoikuta toleo baada ya toleo, weka pesa yako mfukoni.

Kile chumba cha Incarna kilibaki ndani ya EVE kwa miaka sita. Wachache walikitumia, na kukitunza kuligharimu muda wa mafundi waliohitajika kwingine. Agosti 2017 CCP ilikiondoa, kochi, skrini na kitanda. Mlango uliondoka navyo ukiwa bado umefungwa.